Kompyuta Izimikayo kwa Joto, na Amana ya Fundi

Katika nyumba nyingi za Waislamu siku hizi, kando ya msahafu na vitabu vya watoto, imo kompyuta mpakato, au laptopu kama iitwavyo na wengi. Mtoto husikiliza kisomo na kujifunza tajwidi, kijana hujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na mama mwenye biashara huandika hesabu zake. Si chombo cha fakhari tena, bali ni chombo cha kazi, na aghalabu kimenunuliwa kikiwa kimekwisha tumiwa na wengine, kwa fedha zilizokusanywa kwa taabu. Kwa hiyo khabari ya mwezi huu, ingawa yaonekana ni ya mafundi, yawahusu khasa wenye nyumba.

Sisi tukaao Kilosa, na ndugu zetu wa Mikumi, twalijua joto la Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashuka. Tope la mto Mkondoa likikauka hugeuka vumbi jembamba lipenyalo hata sandukuni. Na Mikumi, mji ulioko katika barabara kuu iendayo Iringa, malori hupita usiku na mchana. Majira hayo ndipo husikika malalamiko yale yale: kompyuta yaungua kama kikaango, feni yake yalia, kazi zaenda polepole, kisha yazimika ghafla. Watu husema, "Imekufa." Nasi twasema, aghalabu haijafa.

Yafaa ijulikane kwamba ndani yake mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, ndicho kifanyacho hesabu zote, na karibu umeme wote uingiao humo hugeuka joto. Joto hilo halina budi kuondolewa. Basi juu ya prosesa huwekwa bamba la shaba, na kutoka hapo bomba la shaba hulichukua joto mpaka kwenye vibati vyembamba vipulizwavyo na feni. Lakini uso wa prosesa na uso wa bamba, ijapokuwa waonekana laini kama kioo, una vishimo na vilima visivyoonekana kwa jicho. Nyuso mbili zikigusana, hewa hubaki katikati, na hewa ni mchukuzi dhaifu mno: shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo sababu hutiwa baina yao dawa laini, nyeupe au ya kijivu, ambayo mafundi huiita pesti. Aghalabu ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga laini wa madini, kama vile oksidi ya zinki. Haiifikii shaba, lakini pesti nzuri huishinda hewa zaidi ya mara 100. Kazi yake ni kujaza nafasi tu. Chuoni kwetu, tulipokuwa tukisoma kisa cha Dhul-Qarnayn katika Suratul-Kahf, iliulizwa kwa nini vipande vya chuma havikutosha hata ikatakiwa shaba iliyoyeyuka imiminwe juu yake. Mtoto mmoja akajibu, "Ni kuziba nyufa, Maalim." Jibu lile lafaa na hapa.

Pesti haidumu milele. Baada ya miaka ya kupata moto na kupoa, mafuta yake hutengana na kukauka, nayo hukakamaa na kupasuka kama chokaa, hewa ikarudi. Vumbi nalo huziba vibati, na mwenye kuiweka kompyuta juu ya godoro huzidi kuiziba pua. Waundaji waliliona jambo hili, wakaiwekea prosesa kikomo, ambacho kwa nyingi ni karibu na nyuzi 100 za Sentigredi. Joto likifika huko, prosesa hupunguza mwendo wake yenyewe. Likizidi kupanda, kompyuta hujizima isije ikaungua. Basi kule kuzimika ni ulinzi, wala si mauti.

Mama mmoja mjane wa Mikumi alikuwa na kompyuta ya namna hiyo, aliyomnunulia binti yake asomaye chuo. Fundi wa kwanza aliiwasha, ikazimika, akasema mazabodi imekufa, naye yu tayari kuinunua kwa bei ya vipuri. Hakufungua hata skrubu moja. Mama akatupigia simu: "Maalim, niuze?" Tukamwambia asiuze kitu ambacho hapana aliyekitazama ndani. Akaja nayo Kilosa kwa kijana aliyeifungua mbele ya macho yake. Kati ya feni na vibati palikuwa na vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi, na pesti imekuwa unga mkavu. Kazi yote haikumaliza alasiri moja, na binti yule ameendelea kuandika kazi zake kwa kompyuta ile ile.

Hatusemi kwamba fundi wa kwanza alikusudia kudhulumu, yamkini hakujua. Lakini mtu anayekihukumu kitu asichokitazama, kisha yeye mwenyewe akataka kukinunua kwa bei ya ubovu aliousema, anaikaribia ghushi sana. Angesema tu, "Sijui, niache nifungue." Ni kweli pia kwamba mazabodi huharibika, na fundi akikuonyesha hivyo, mkubali. Wala mwenye kompyuta asimwambie fundi kwamba pesti ni tone tu, basi alipwe bei ya tone. Analipwa elimu yake, na siku alizokaa akijifunza.

Kwa kijana mwenye mkono mtulivu atakaye kujifunza kazi hii, twamweleza kwa ufupi. Aizime kompyuta, achomoe waya wa umeme, na akiisha kufungua aichomoe betri kwanza. Skrubu za bamba azilegeze kidogo kidogo kwa kupishana pembe, wala asiimalize moja kabla ya nyingine. Vile vipande laini kama mpira vilivyo juu ya vifaa vingine asivitupe akatia pesti mahali pake. Vina unene wake maalumu. Pesti ya kale aifute kwa kitambaa safi na spiriti, kisha atie mpya kiasi cha punje ya mchele, maana nyingi si nzuri zaidi. Tumesikia wako watiao dawa ya meno. Hiyo ina maji, hukauka upesi, na tatizo hurudi pale pale.

Tumeulizwa kuhusu spiriti hiyo, iitwayo isopropili, kama kuitumia ni kugusa pombe. Jibu letu ni kwamba hiyo si ile spiriti iliyomo katika vileo, wala haikutengenezwa inywewe. Ni dawa ya kusafishia, nayo huruka na kukauka papo hapo. Hatuoni ubaya wa kuitumia katika kazi hii. Mwenye wasiwasi na aoshe mikono yake kabla ya Swala. Lakini ni sumu kwa mwenye kuinywa, na hushika moto upesi. Basi chupa yake iandikwe jina, iwekwe mbali na jiko na mahali pasipofikiwa na watoto.