Tuache Kuwaita Wapiga Kura Wajinga



Tarehe 11 hadi 20 Oktoba tunajiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Tarehe 27 Novemba 2024 tunapiga kura. Na kama kawaida, magrupu yetu ya WhatsApp yameshajaa ile sentensi: "Watanzania ni wajinga, wanauza kura kwa kanga na kilo ya sukari." Mtu akishaiandika, wenzake wanamwekea vicheko na dole gumba, mjadala unaisha, kila mtu analala akijiona mwerevu.

Mimi leo napingana na sentensi hiyo. Siyo kweli, ni ya kivivu, na anayefaidika nayo ni CCM.

Kwanza tukubaliane kwenye ukweli. Ubora wa viongozi wetu umeshuka, na anayebisha awashe redio. Mbunge anapewa dakika chache za kuchangia, nusu yake anamaliza kwa kusifia, robo kwa kuwashukuru waliompa nafasi ya kusifia, kilichobaki ni "naunga mkono hoja". Uchawa umekuwa taaluma. Na hili halikuanza jana. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge letu lilipitisha azimio la kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kosa lake? Alisema Bunge ni dhaifu. Hebu fikiria mwenye duka anayemfukuza mtu anayemhesabia pesa zinazoibiwa, eti kwa sababu amemwambia hayuko makini na duka lake. Kama Profesa alikuwa anatafuta ushahidi wa udhaifu, waheshimiwa walimpa wenyewe, tena kwa kura.

Sasa linganisha na Bunge la Tisa, 2005 hadi 2010. Spika alikuwa Samuel Sitta, mbunge wa Urambo, mkoa wetu huu huu, mwana CCM. Agosti 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa kwa hoja ya Buzwagi, na nchi nzima ikajua Buzwagi ni nini. Septemba mwaka huo Dk. Slaa akasimama Mwembe Yanga kutaja majina ya watuhumiwa wa ufisadi. Februari 2008 Kamati ya Mwakyembe ikasoma ripoti ya Richmond bungeni na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Sisemi lile lilikuwa Bunge la malaika. Sitta huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza Bunge Maalum la Katiba ambalo UKAWA walitoka Aprili 2014. Na CCM ilikuwa na wingi wa viti kama kawaida yake. Tofauti moja kubwa ni kwamba wananchi walikuwa wanaangalia. Mijadala ilirushwa moja kwa moja, watu wakajazana vibandani kusikiliza maswali na majibu kama wanaangalia Simba na Yanga.

Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja. Sababu tuliyopewa ni gharama. Leo ukitaka kufuatilia mtandaoni, weka bando. Sasa niambie, mama anayeuza vitumbua hapa Gongoni, ambaye bando lake ni la kuongea na mwanawe aliyeko Dar, atamjuaje mbunge anayeuliza maswali na mbunge anayelala? Anachokiona kwa macho yake ni nani alikuja msibani na bahasha, nani aliwapa vijana jezi na mpira. Kazi ya bungeni imefichwa, sadaka imeachwa hadharani. Halafu tunashangaa watu wanapima viongozi kwa sadaka!

Mimi nasoma sheria, naomba niwaonyeshe kwamba sheria nazo zilichangia. Ibara ya 63 ya Katiba inampa mbunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na Bunge kutunga sheria. Hakuna mahali imeandikwa anunue jeneza. Lakini mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kinaitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Hongo ikavalishwa kanzu. Ikabidi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao waende mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikafuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka Katiba: vinambagua mgombea maskini na vinaharibu uchaguzi huru. Hukumu nzuri mno, kila kijana wa chama aisome. Lakini mwaka 2009 likaja jingine, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Yaani msimamizi wa matumizi akawa mtumiaji. Ujumbe ukamfikia mwananchi bila mkalimani: mbunge ni mfadhili.

Na hapo ndipo ubora unapoanguka. Kazi ikiwa ni kufadhili, watakaoomba ni wenye pesa. Mwalimu mwenye msimamo, nesi anayejua matatizo ya zahanati, wakili kijana anayeweza kusoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, wote wanakaa pembeni kwa sababu hawana pesa za kuchangia harusi na misiba ya jimbo zima. Anayeingia ameshatumia, na aliyetumia lazima arudishe. Hatakemea zabuni mbovu, kwa sababu anaisubiri. Hatamkera waziri, kwa sababu anataka uwaziri.

Sisi watu wa Tabora neno hongo tunalijua tangu zamani. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe na vitambaa kati ya pwani na Tanganyika. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: msafara ukipita kwenye nchi ya mtemi, unatoa vitambaa, shanga au waya ndipo unaruhusiwa kupita. Ugogo ndiko ilikosifika kwa ukali, huko huko ambako leo Bunge linakaa, mnaopenda kucheka chekeni. Lakini mfanyabiashara aliyetoa hongo hakukubali hasara ilale kwake. Aliirudisha kwenye bei ya mali. Ndivyo ilivyo kanga ya mgombea. Amekupa ili apite, na bei utailipa wewe.

Misafara ile ilikuwa pia na kirangozi, aliyetangulia mbele. Mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, mpagazi mzoefu ambaye wapagazi wenzake walimkubali. Alibeba mzigo na yeye, na sifa yake ilikuwa kuijua njia. Kirangozi tajiri asiyejua njia angewaua watu kwa kiu. Babu zetu walijua kutofautisha anayetoza njiani na anayeongoza njia. Sisi tumewachanganya.

Turudi kwa mama wa vitumbua. Anapopokea kanga, je, ni mjinga? Mimi nasema anapiga hesabu. Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu, wengi kwa madai ya makosa ya kujaza fomu. Vyama vikajitoa, CCM ikatangazwa imeshinda zaidi ya asilimia 99 ya mitaa na vijiji. Mtu aliyeona kura yake haichagui kitu, akaletewa kanga inayoshikika mkononi, achukue kipi? Kura ikinyang'anywa thamani, bei yake lazima ishuke. Kosa la kwanza ni la aliyeinyang'anya thamani.

Ila hesabu yake ina tundu, na kazi yetu ni kuliziba badala ya kumtukana. Tuseme kanga ni shilingi 10,000. Uongozi wa mtaa ni miaka mitano, miezi 60. Gawanya. Ni kama shilingi 167 kwa mwezi, yaani hata kitumbua kimoja cha shilingi 200 hakifikiwi. Kwa bei hiyo ameuza haki ya kuuliza kwa nini mtaro haujazibuliwa, michango ya mtaa imeenda wapi, na kwa nini mkutano wa wakazi hauitishwi wakasomewa mapato na matumizi. Hesabu hii haihitaji digrii, inahitaji mtu wa kukaa naye kwenye kigoda ampigie. Wa kanga ameshafika mlangoni kwake. Je, wewe wa "katiba mpya" umefika?

Kuna wenzetu wanaenda mbali zaidi, wanasema kura wapewe wasomi tu. Jamani, tusome historia ya mji huu! Januari 1958 TANU walikutana hapa hapa Tabora kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu. Mkoloni alimtaka mpiga kura awe na kiwango cha elimu, au kipato, au wadhifa, kisha achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sheria ya matusi. Waliotaka kususia walikuwa na hoja, na Zuberi Mtemvu aliondoka akaanzisha chama chake. Lakini Nyerere na wenzake waliamua kuingia ndani ya uchaguzi mbovu ili kuuvunja, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Wazo kwamba maskini hastahili kura ni la mkoloni. Ukilibandika kwenye grupu letu, ujue unafanya kazi ya nani.

Sasa nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi upinzani umekuwa na msemo mtamu: "Kula kwao, kura kwetu." Tunaupigia makofi, lakini unafundisha nini? Unafundisha kwamba kupokea hongo ni sawa, bora uwe mjanja. Aliyezoea kula kwao leo, kesho anakuja kwetu anauliza chakula kiko wapi. Na waheshimiwa waliohama mwaka 2017 na 2018 "kuunga mkono juhudi", wakaliingiza taifa kwenye gharama za chaguzi za marudio, nani aliwapitisha? Vyama vya upinzani. Walikuwa wanajua kusoma, wengine wana digrii za kutosha kupamba ukuta. Kwenye vikao vyetu swali la kwanza kwa mgombea limekuwa "una gari?" Msimamo unaulizwa baadaye, kama muda upo.

Hili ni zito zaidi kwa sababu katika nchi hii mlango wa uongozi unashikwa na vyama. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua tarehe 14 Juni 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Mpaka leo tunasubiri. Rasimu ya Tume ya Warioba ilitaka wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano, na ikaweka ukomo wa vipindi vya ubunge. Bunge Maalum likavinyofoa. Kwa hiyo mwananchi hawezi kumleta mtu wake bila chama na hawezi kumtoa katikati. Chama kikimletea magugu, atavuna magugu. Halafu chama hicho hicho kimtukane eti hajui kuchagua?

Najua swali lenu: kwa nini tujiandikishe wakati uchaguzi unasimamiwa na TAMISEMI, na waziri wake ni kada wa CCM? Swali halali, na kulipigania mahakamani na barabarani ni lazima. Lakini tulijitoa 2019, na kwa miaka mitano mitaani hatukuwa na mwenyekiti wa kuitisha hata mkutano mmoja. Kiti tulichokiacha hakikukaa wazi.

Kwa hiyo, kabla ya tarehe 20:

Jiandikishe, na umpeleke mama, shangazi na dereva wako wa bodaboda. Orodha hii ni ya mtaa, siyo Daftari la Kudumu la Tume. Kuwa na kadi ya mpiga kura pekee hakutoshi, jina lako lazima liwe kwenye orodha.

Wagombea wetu wasijaze fomu peke yao usiku wa mwisho. Tuko wanafunzi wa sheria na walimu wa kutosha Tabora hii. Kila fomu isomwe na watu wawili kabla haijarudishwa, nakala ibaki. Kama wanataka kutuengua, watafute sababu kwa jasho.

Mgombea asimamishwe mbele ya wakazi, aulizwe njia anaijua? Mitaro, taka, taa, michango. Asiyejua, hata akiwa na magari matatu, akae.

Na ukisikia mtu kwenye grupu anaandika "wapiga kura wajinga", mwulize amegonga milango mingapi wiki hii. Mimi kesho jioni naanza na vibanda vya vitumbua. Anayekaa Gongoni, Kanyenye au Ng'ambo anitafute, twende wote.