Pawabenki ya Bibi Harusi Ipimwe Kama Dhahabu



Mfunguo Mosi ndio huu, harusi zimeanza, na kila ninayekutana naye Ngamiani ana orodha mkononi. Kanga doti kadhaa, baibui, udi, manukato, na seti ya dhahabu kwa mwenye uwezo. Chini kabisa ya orodha, siku hizi, hakukosekani pawabenki na waya wa kuchajia simu. Mabibi harusi wawili wameniomba niwachagulie. Nawajibu hapa, ila jibu langu linaanzia Bweni, na kulisimulia kunanitia aibu.

Mwaka 2023 tulimwoza binti wa dada yangu, akaenda kwa mumewe Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Mchango wangu kwenye begi lake ulikuwa pawabenki nyeusi inayong'aa, imeandikwa 50000mAh kwa herufi za rangi ya dhahabu, ina taa nne na matundu manne. Niliinunua shilingi 25,000 nikajiona mjanja wa mji. Dada yangu aliipitisha mikononi mwa wageni kama bangili.

Zikaja mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule, pamoja na mgao wa umeme ambao nyote mnaukumbuka. Mto uleule unaozungusha mitambo ya Hale tangu 1964 na ya New Pangani Falls tangu 1995 ulikuwa umejaa pomoni mbele ya nyumba yao, na ndani hakuna hata taa. Binti ana mimba ya miezi minne, mume yuko baharini. Usiku akaanza kutokwa na damu. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, upande wa pili wa maji. Pantoni lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo njia ni kumpigia mwenye boti. Simu ilikuwa na asilimia mbili. Akachomeka pawabenki ya mama mdogo wake, ambayo aliichaji usiku mzima uliotangulia na kuitumia mara moja tu. Taa zote nne zikawaka. Akapiga, simu ikapokelewa, akatoa salamu, na kabla hajasema lake simu ikazima. Pawabenki nayo ikazima.

Alhamdulillah, jirani alisikia akihangaika na komeo la mlango. Mwenye boti aliamshwa kwa kugongewa dirisha. Mama alipona, mimba ilishika, na mtoto leo anakimbiza kuku uwanjani. Binti hakunilaumu hata kidogo. Nilipokwenda kumtazama aliniambia tu, "Mama mdogo, kile kitu chako kina taa nzuri."

Nilikichukua nikarudi nacho Tanga. Mimi huoka keki za harusi, kwa hiyo mizani ninayo, na nilianza na hiyo. Betri za lithiamu zina uzito usiokwepeka. Zile za duara zinazowekwa ndani ya pawabenki nyingi, nene kama kidole gumba, moja ina gramu 45 hadi 50 hivi, na hata iliyo bora hubeba kama mAh 3,500. Piga hesabu mwenyewe: 10,000 ya kweli inataka betri tatu au nne, na 50,000 inataka si chini ya kumi na tano. Hizo ni zaidi ya gramu 600 kabla hujahesabu ganda. Zile bapa huwa nyepesi kidogo, lakini si kwa kiasi cha kubadilisha hesabu hii. Yangu ilikuwa na gramu 240.

Nikaipeleka kwa fundi simu aifungue (msifungue wenyewe, betri ikitobolewa hushika moto). Ndani mlikuwa na betri mbili za duara, na pembeni yake kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Sikuelewa. Fundi akacheka: "Hicho cha kukudanganya mkono, mama. Ukiinyanyua uone nzito."

Dada zangu, Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji, al-Mutaffifin. Tumeisoma tangu chuoni tukidhani inamhusu muuza mchele mwenye pishi lililobonyea. Kuandika 50,000 juu ya kitu chenye 5,000 ni kupunja kipimo, na kutia chuma ili kiwe kizito ni kuchezea mizani yenyewe. Sioni tofauti, na sitaki kuambiwa kwamba "ndiyo biashara ya simu ilivyo". Mnakijua pia kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka vimelowa. Muuzaji akasingizia mvua. Mtume akamuuliza mbona iliyolowa hakuiweka juu ili watu waione. Nami huwaambia wasichana: ule mkono uliingia ndani ya rundo. Haukuishia juu.

Nilirudi dukani. Muuzaji, kijana mpole, aliniapia kwamba yeye huletewa mzigo umeshafungwa na hajui kilichomo. Ninamsadiki kwa mara ya kwanza. Lakini niliponyanyua macho nikaona zile zile bado zimepangwa kwenye kioo, na nyuma yake kibao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Aliyerudishiwa kitu, akaoneshwa chuma kilichomo, kisha akaendelea kukiuza, huyo hana tena udhuru wa kutojua. Na kibao hicho kisiwatishe. Katika fiqhi mnunuzi aliyekuta kasoro iliyofichwa ana hiari ya kurudisha kitu na kudai fedha zake. Sheria za nchi nazo hazikunyamaza: Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia, na Shirika la Viwango, TBS, lipo kwa ajili ya ubora. Sisi wanawake tunaona haya kudai shilingi 25,000. Dhahabu ikipungua gramu moja mbona tunasimama mlangoni kwa sonara mpaka Magharibi?

Haya, baada ya hapo nilinunua nyingine tatu, moja baada ya moja, nikazitumia miezi kadhaa jikoni, mkobani, na ndani ya boti ya kwenda kwetu Pemba. Kipimo cha pili, kinachomkamata hata aliyetia chuma, ni simu yenyewe. Chukua simu yenye betri ya 5,000, iache iishe kabisa, kisha ichaji kwa pawabenki iliyojaa. Ya 10,000 ya kweli iliijaza simu yangu mara moja na robo. Ya 20,000 iliijaza mara mbili na nusu. Msiseme mmeibiwa kwa kuwa hamkupata mara mbili na mara nne. Betri zilizomo ndani zina volti 3.7 hivi, simu inapokea 5, na katika kubadilisha kiasi fulani hupotea kwa joto. Kampuni za kweli huliandika hilo kwa herufi ndogo mgongoni: kwenye ya 10,000 utakuta kiasi halisi kinachotoka ni kama 6,000. Mimi sasa nikifika dukani sisomi herufi kubwa. Nageuza mgongo, natafuta hizo ndogo. Zikikosekana naiacha.

Ya tatu iliyobaki sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba ilivimba mwezi wa pili. Pawabenki ikivimba kama andazi, mwisho wake umefika. Usiichaji tena hata kama bado inawaka. Hata nzima isilale kitandani nawe, chini ya mto, ndani ya chandarua. Iweke sakafuni au kwenye sahani ya bati, na jua la kioo cha gari isilione. Bibi harusi aliyejifukiza udi usiku kucha hasikii harufu ya plastiki inayoungua, na simsemi mtu.

Kwa wanaojiandaa na Umra au Hija, kwenye ndege pawabenki haiingii kwenye begi linalokwenda chini, hukaa mkobani mwako. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, yaani kama 27,000mAh, na kupita hapo unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Inayojiandika 50,000 hufika wati-saa 185, juu ya kiwango chote kinachokubaliwa kwa abiria. Kwa hiyo ile ya uongo inaweza kukunyang'anywa uwanjani kwa uwezo ambao hata haina.

Sasa waya. Hapa nimecheka zaidi kuliko kulia. Dukani wanauza "waya usiosokotana" wa aina tatu: ule bapa kama mlenda uliokauka, ule uliovishwa uzi kama kamba ya kiatu, na ule wa sumaku unaojikunja wenyewe ukawa duara. Wa sumaku ndio mzuri kuliko yote mkononi mwa muuzaji. Mkobani mwangu ulidumu siku moja. Niliutoa umebeba pini zangu zote za mtandio kama nungunungu, na moja imelala juu ya kichwa cha kuchomekea. Ukichomeka umeme hapo, pini inapata moto. Mwanamke anayejifunga mtandio asinunue waya huo, basi.

Wa uzi na wa bapa nilivitia mkoba mmoja na funguo, tasbihi na kikopo cha wanja. Ukweli nilioupata ni kwamba kusokotana hakuna uhusiano mkubwa na uzi. Waya wa mita mbili utasokotana hata ukiuvisha hariri. Wa mita moja, ukikunjwa mara tatu na kufungwa kitambaa, hausokotani. Kinachokufa kwanza ni shingo, pale waya unapoingia kwenye kichwa. Wa uzi uliachia nyuzi hapo ndani ya wiki saba, wa bapa bado uko. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya hewa. Nyumba inayotazama bahari, kichwa cha waya kikiachwa wazi dirishani hufanya kutu ya kijani, kisha tunailaumu simu.

Na upimeni kwa saa kabla ya kulipa mzee wa duka pongezi. Chaja moja, simu moja, kutoka asilimia 20 hadi 80. Wa bapa ulichukua saa moja na dakika chache. Waya mmoja mzuri wa waridi niliouzwa kwa shilingi 3,000 ulichukua saa mbili unusu, kwa sababu shaba iliyomo ndani ni nyembamba kama unywele. Umeme ukirudi kwa saa mbili tu, waya huo ni sawa na kutokuwa nao.

Nimesikia wanaosema zawadi haipimwi, ni kumvunjia heshima aliyeitoa. Mkwe mmoja aliniona na mizani yangu akaguna. Mimi niliyetoa zawadi ile ya Bweni nasema nipimieni. Aheri mavyaa aone haya siku ya begi kuliko binti kuona giza siku ya damu.

Wawili mlioniuliza: nunueni 10,000, isiyopungua gramu 180, yenye herufi ndogo mgongoni, na waya wa bapa wa mita moja, viwili, kimoja kibaki nyumbani. Risiti itieni kwenye begi pamoja na kanga. Ijaribuni wiki moja kabla ya harusi, ikikataa mrudishe mkiwa wawili.

Binti wa Bweni nilimpelekea nyingine Shaaban iliyopita, nimeipima mbele yake. Akaiangalia taa zake, moja tu, akaridhika. Kisha akaniomba kalamu, akaandika namba ya mwenye boti kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya mlango.