"UMENIKUTA NAYO" SI SHERIA!

Ndugu msomaji, neno hili umeshalisikia. Kama si Ngamiani ni Makorora, kama si Makorora ni Pangani. Mume katoa talaka, mke kasimama uani na sanduku lake, na bwana anamwambia: "Nyumba hii umenikuta nayo." Wazee barazani wanaitikia. Kesi imekwisha.

Nani kawaambia imekwisha?

Sitaki kumdanganya mtu: kuoana hakuhamishi mali. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 ndivyo kinavyosema, labda wenyewe wawe wamepatana vingine. Cha mume ni cha mume, cha mke ni cha mke. (Na wale mabwana wanaoangua minazi ya urithi wa wake zao na kuiita "shamba langu", kifungu hicho hicho kinawahusu. Hapo husikii mtu akisema "nimemkuta nalo"!) Lakini soma mbele. Kifungu cha 114, fasili ya tatu, kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa mwenzake au wote wawili wameiendeleza kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, nayo huingia kwenye mgawo.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Bwana alikuwa na kibanda cha udongo na makuti. Bibi akaingia. Alfajiri vitumbua, jioni samaki wa kukaanga. Zamu yake ya upatu ilipofika zikanunuliwa bati. Mkufu wake ukauzwa, ikaja simenti. Miaka kumi na tano baadaye pana nyumba ya matofali na wapangaji wawili vyumba vya mbele. Hiyo ndiyo aliyoikuta? Alichokikuta kililiwa na mchwa zamani!

Kizaazaa kinakuja mahakamani. Risiti za bati zina jina la nani? La bwana, maana yeye ndiye aliyetumwa dukani. Nani anakata risiti ya vitumbua? Na "kiasi kikubwa" ndiyo kiasi gani? Sheria haikupima, imemwachia hakimu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Watu walishangilia, wakasahau kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu: mahakama ilisema fedha za biashara alizopewa na mumewe alizitapanya.

Serikali nailaumu waziwazi. Sheria hii ilitungwa kwa Kiingereza, na Bunge likakaa mpaka 2021 ndipo likakitamka Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Miaka hamsini! Wakati wa kura magari yao ya vipaza sauti yanaijua njia ya kila kitongoji. Kuja kumweleza muuza vitumbua kifungu cha 114, gari halina mafuta.

Basi dada yangu, usiwangoje. Bati ukinunua, risiti iandikwe jina lako. Akitaka kuiuza nyumba mnayoishi, kifungu cha 59 kinamkataza bila ridhaa yako. Na kama talaka imeshatoka, usibebe sanduku ukaenda kwenu kulia. Pitia baraza la usuluhishi, kisha nenda Mahakama ya Mwanzo, na umchukue fundi aliyeipaua ile nyumba. Anakumbuka nani aliyemlipa.