Kijiti Kinapogeuka Kijani

Mama mpendwa, usione ni usumbufu ukiombwa mkojo kliniki. Kijiti kinachochovywa humo kina kipande cha rangi ya njano. Penye protini hugeuka kijani, na protini ikizidi kijani hukolea. Jisafishe kwanza, mwaga mkojo wa mwanzo, kisha kinga wa katikati, maana ute wa ukeni huweza kudanganya kipimo.

Protini pamoja na shinikizo la damu la 140/90 au zaidi, baada ya wiki 20 za mimba, ni dalili ya hatari: kifafa cha mimba chaweza kufuata. Ukiumwa sana kichwa, ukiona maluweluwe au ukivimba uso, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja, hata usiku.