Mpeni fundi kitambaa cha kuharibu

Januari shule zinapofunguliwa, mafundi cherehani wa Muheza na Tanga mjini hawapati nafasi hata ya kunywa chai. Ni sare, ni nembo za mifukoni, ni sketi za kupunguzwa kiuno. Idi ikikaribia, meza hizo hizo hujaa kanzu na madira. Mwaka mzima fundi anashona alichoagizwa, kwa kipimo alichopewa, tena kwa kitambaa ambacho si chake. Akikiharibu, analipa. Katika hali hiyo nani atathubutu kujaribu mshono asioujua?

Hapo ndipo kudarizi kwa cherehani kulipokwama katika mkoa huu. Mashine zipo na mikono yenye kipaji ipo. Zinazokosekana ni sampuli, yaani vipande vidogo vya kitambaa ambavyo fundi anavishona ili ajue tu kitakachotokea, bila mteja kusubiri mlangoni.

Wengi wanaamini kwamba nakshi ya mashine inahitaji mtambo wa kompyuta. Mtambo huo kazi yake inajulikana: unasoma mchoro uliokwisha kuandaliwa na kuurudia bila kuchoka, na kwa nembo mia tano za shule hauna mpinzani. Lakini cherehani ya kawaida ya miguu, Singer au Butterfly ya barazani, inadarizi pia, na inafanya mambo ambayo mtambo wa kurudia hauyafanyi.

Fundi anafungua skrubu na kuutoa mguu unaokandamiza kitambaa. Meno yanayosukuma kitambaa anayashusha, na kama mashine yake hairuhusu, anayafunika kwa kibati chembamba. Kitambaa anakibana kwenye fremu ya duara mpaka kiwambike kama ngozi ya ngoma, ila fremu yenyewe inageuzwa ili kitambaa kilale chini kabisa, juu ya bapa la mashine. Wenzo wa mguu lazima ushushwe hata kama mguu wenyewe haupo. Ukisahauliwa, uzi wa juu unakosa mkazo na upande wa chini unajaa kifundo cha nyuzi. Baada ya hapo urefu wa mshono hauamuliwi tena na mashine. Unaamuliwa na mikono inayoisogeza fremu na miguu inayokanyaga.

Majaribio yanaanzia hapo. Uzi wa juu ukikazwa na wa bobini ukilegezwa, wa chini huchomoza juu kwa vitone, na kama rangi zake ni mbili tofauti, mstari mmoja unakuwa na madoadoa. Uzi mnene usiopita kwenye tundu la sindano unaviringishwa kwa mkono kwenye bobini, kisha kitambaa kinashonwa uso ukiwa chini. Kikigeuzwa, mchoro umetuna kwa namna ambayo sindano ya juu isingeweza kuutoa. Kila badiliko la mkazo, la kitambaa au la namba ya sindano huleta sura nyingine, na maelezo ya mdomo hayatoshi kuifahamu. Lazima kishonwe kipande.

Huko Uingereza, msanii wa darizi Rebecca Crompton alifanya hivyo hivyo kwa cherehani katika miaka ya 1930. Aliichukulia kuwa chombo cha kuchorea, akaacha miisho ya nyuzi na pindo mbichi zionekane, na mwaka 1936 akatoa kitabu kilichobadili namna darizi ilivyofundishwa kwao. Pwani yetu ina mizizi mirefu zaidi ya hiyo. Kofia za bulibuli za Lamu, Unguja na Ngazija, zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, ni hesabu ya jiometri inayomchukua mshonaji majuma mengi. Kumma, kofia ya Oman, ni ndugu yake wa damu, na leo kumma na kofia zinazoshonwa kwa mashine viwandani huko Asia zinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ile ya mkono. Fundi wa Tanga hawezi kushindana na viwanda hivyo kwa bei. Anaweza kushindana kwa kutoa kitu ambacho wao hawana, na hatakijua kitu hicho asipopewa nafasi ya kukitafuta.

Na eneo lenyewe limejaa vya kutafutia. Juu ya milima ya Usambara Mashariki, huko Amani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na miti waliyoileta kutoka pande nyingi za dunia ingali imesimama kwenye bustani ile. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti wa Amani walianza kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini ili wapate mbegu inayostahimili ugonjwa wa batobato. Kazi hiyo iliwachukua miaka, kizazi cha miche baada ya kizazi, mingi ikitupwa. Hakuna aliyetegemea kwamba mche wa kwanza ungeuzwa sokoni. Ni ajabu kwamba mkoa uliokuwa na subira ya namna hiyo kwa muhogo hauna subira hata kidogo kwa kitambaa.

Chukua ua dogo la Saintpaulia, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Tanga, alituma mbegu zake kwao mwaka 1892, na ambalo sasa linapandwa madirishani duniani kote. Petali zake ni tano, za zambarau, na katikati kuna njano kidogo. Jani lake lina manyoya. Petali hazimsumbui mtu anayejua kudarizi. Manyoya ndiyo mtihani. Je, yashonwe kwa mishono mifupi iliyotawanywa, au kwa vishungi vinavyokatwa baadaye? Uzi wa pamba au wa hariri bandia?

Au mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyosalimika safari ilikuwa 62 tu. Singa zake zikilowekwa hulainika, na zinaweza kulazwa juu ya kitambaa kisha zikashikizwa kwa mshono unaopita juu yake kushoto na kulia. Zitakapokauka zitakivuta kitambaa? Zitahimili kufuliwa na jua la Tanga? Majibu ya maswali hayo yanastahili kuwa ukutani kwenye kila darasa la ushonaji mkoani, yakiwa yameshonwa.

Tena wapo wanavijiji wa Usambara Mashariki ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifuga vipepeo na kuuza pupa wao nje ya nchi. Serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016, biashara hiyo iliyumba. Ujuzi wa mabawa, aina kwa aina, umebaki kwao. Kipepeo aliyedariziwa hahitaji kibali cha wanyamapori.

Lakini sampuli si kipande cha kutupwa kapuni baada ya kutazamwa. Viwanda vya Uholanzi vilivyochapa kanga kwa ajili ya Unguja tangu miaka ya 1880 vilibandika vipande vya mifano yao kwenye madaftari, na leo mtafiti wa historia ya kanga, vazi la mama zetu, anapanda ndege kwenda huko kuvisoma. Waliohifadhi ndio wenye kumbukumbu. Kila kipande kinachoshonwa Muheza kinastahili karatasi yake: jina la fundi, tarehe, kitambaa, uzi, namba ya sindano, na hali yake baada ya kufuliwa. Vilivyoshindwa viwekwe pamoja na vilivyofaulu, ili mwanagenzi wa mwaka ujao asirudie kosa lile lile. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haitamsaidia fundi asiye na cha kuonyesha mchoro wake unapoigwa.

Fedha? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa kikundi cha ushonaji, mkopo huo kwa kawaida hufikiriwa kwa lugha ya mashine. Kitambaa na uzi wa majaribio navyo vihesabiwe kuwa mtaji, kwa kiasi kidogo kilichoandikwa wazi kwenye andiko la kikundi, na muda wa kuanza kurejesha uzingatie hilo. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha ubunifu na ushonaji vingeweza kumpa kila mwanafunzi alama kwa daftari la sampuli, mbali na gauni la mtihani. Na taasisi zinazoagiza nembo na zawadi za wageni, hifadhi ya Amani ikiwemo, ziombe sampuli tatu kwanza na kuzilipia zote tatu, hata mbili zisizochaguliwa. Masika, kazi za sare zikishapungua, ndiyo wakati wa kuanza.