Kabla hajaiendesha, muulize itatoa nini

Mzazi, kama mwanao anajifunza Python likizo hii, unaweza kumsaidia hata kama hujui mstari mmoja wa lugha hiyo. Kabla hajaiendesha programu yake, akwambie itatoa nini.

Watoto wengi hunakili kutoka kwenye video, programu inakubali, nyumba nzima inapiga makofi. Kozi inaisha, cheti kinabandikwa ukutani, na ukimwambia aandike peke yake anabaki anakutazama. Ada umeshalipa.

Zima video, aandike hii mwenyewe:

for i in range(5):
    print(i)

Wengi watasema itatoa 1 hadi 5. Itatoa 0 hadi 4, kwa kuwa hapo hesabu huanzia 0. Sasa aibadilishe itoe 1 hadi 5. Akijaribu range(1, 5) itaishia 4, na hapo ndipo penye somo: namba ya mwisho haihesabiwi. Mwache ahangaike mpaka afike range(1, 6). Usimnyang'anye kibodi, na kaka mtu naye asimnong'oneze.

Ujumbe wa kosa ukitokea, asiufute kwa hofu. Ausome kwa sauti. Mara nyingi hutaja namba ya mstari wenye shida: nukta pacha imesahaulika, au nafasi za mwanzo wa mstari hazilingani.

Kwa mdogo wa miaka 8 au 9, Python inaweza kusubiri. Mwanzishie Scratch, ni ya bure na inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Swali ni lile lile.