Elimu ya Juu ya Kiislamu na Mirathi ya Kibanja

Mzee wa Kiislamu anapofariki katika kijiji cha Muleba au Bukoba Vijijini, matanga hayajaisha kabla swali la kibanja halijaulizwa. Migomba na mibuni ile hudaiwa kwa sheria tatu: mila za Kihaya, zilizomnyima binti uwezo kamili juu ya ardhi ya ukoo, Kurani, ambayo katika Sura ya An-Nisaa humpa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inayokataza ubaguzi. Anayeitwa kushauri mara nyingi ni shehe au mwalimu wa madrasa. Je, amesomeshwa nini?

Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory iliyotoka Buhaya, aliamua kwamba mila iliyomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa wosia wa baba yake ilipingana na Katiba. Hukumu hiyo ilihusu mila, wala haikugusa fikihi. Hata hivyo, mwanachuoni asiyeijua, wala kuijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, atawapeleka waumini wake mahakamani bila kukusudia.

Wapo wazee wa heshima wanaohofu kwamba kuchanganya elimu ya dini na masomo ya dunia kutaidhoofisha dini. Hofu hiyo ina historia yake: wakati wa ukoloni wazazi wengi Waislamu waliziepa shule za misheni wasije wakapoteza watoto. Lakini Al-Azhar ya Kairo, yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, ilipanuliwa kwa sheria ya mwaka 1961 ikapokea tiba, uhandisi na kilimo, na Kurani haikuacha kusomwa humo. Uganda ilipata Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale mwaka 1988. Tanzania Bara ilipata Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO.

Tatizo ni mlango wa kuingilia. Mwalimu wa madrasa aliyesoma fikihi miaka kumi na mitano, lakini hana cheti cha kidato cha nne, hubaki nje. Masharti ya vyuo vikuu yasilegezwe kwa ajili yake. Shahada isiyo na uzito haitamfaa yeyote. Hapana budi Morogoro na BAKWATA watunge masomo ya cheti yatakayofundishwa Bukoba na Muleba wakati wa likizo za shule, madarasa yanapokuwa matupu.

Serikali haina dini, hivyo haiwezi kuombwa kumlipa shehe. Inaweza, bila kuvunja msingi huo, kumruhusu afisa ardhi wa wilaya aende kufundisha sheria ya ardhi kwa siku tatu, na mwalimu wa uraia afundishe Katiba. Wanawake wanaofundisha madrasa nao waandikishwe tangu darasa la kwanza kufunguliwa, kwa kuwa mabinti wa marehemu huwaendea wao kwanza.